Cheti cha Watoto Saba

Shinyanga,
3 Machi 1937

Baba yangu mpendwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mama, usimwonyeshe Padri, na ukimaliza itie barua hii jikoni, uingojee mpaka iishe kuungua. Neno lake moja likitoka nje, mimi nimekwisha. Sitanii, Baba.

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima kiasi, ila usiku silali. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kwamba mguu wako umepata nafuu. Mahindi yameshikaje? Huku mvua ni nyingi, magari yanakwama njia ya Kahama kila siku.

Nina swali moja. Je, katika majuma haya mawili umepokea watoto saba walioletwa na mtu aitwaye Jilala?

Huyu Jilala ni mwandikishaji wetu wa vibarua. Huzunguka vijijini akitafuta watu wa kwenda kuchimba dhahabu, nasi ofisini tunawaandikia vipande vya kazi. Tarehe 16 Februari alikuja na watoto, wa kike wawili na wa kiume watano, mkubwa wao hazidi miaka kumi na mmoja. Bwana wetu alikuwa Mwanza. Jilala hakuomba vipande, maana anajua mtoto haandikwi kipande. Aliomba cheti cha njia tu, wapite kizuizi cha mbung'o, pale askari wanapowapangusa wasafiri wadudu na kutazama karatasi zao.

"Hawa ni wa Mungu, Karani," aliniambia. "Wazazi wao wamenikabidhi niwafikishe misheni ya Ushirombo wakasome dini. Wewe si mtoto wa mwalimu? Wapime mwenyewe."

Nikawapima, Baba. Nikawapanga mstari kama unavyowapanga wanafunzi wako, nikawaambia wafanye ishara ya msalaba. Wote saba waligusa paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia, bila mmoja kukosea. Wakasali Baba Yetu mpaka amina. Nilifurahi, sitaficha. Nilijiona mtu wa maana. Nikaandika: watoto saba, wanafunzi wa dini, waendao Ushirombo. Palipotakiwa jina la mpokeaji nikaandika lako, Mwalimu Marselino. Nikapiga mhuri.

Juzi walipita watu wa Didia, wanaume wanne na mwanamke mmoja. Walisimama barazani wakiuliza habari za watoto waliotumwa maji bwawani wasirudi. Watoto saba. Tarishi wetu akawajibu kwamba hapa ni ofisi ya vibarua, si ya watoto. Mimi nilikuwa ndani naandika. Sikuinua kichwa.

Niambie kwamba wamefika kwako. Niambie upesi.

Mwanao,
Mihayo


Ushirombo,
14 Machi 1937

Mwanangu Mihayo,

Marahaba. Milele na milele, amina. Sisi tu wazima. Mguu wangu ni ule ule. Mahindi ni mazuri, ngedere nao wameyaona. Mama yako anauliza kwa nini hukumtaja ila kwa salamu.

Barua yako nimeisoma mlango ukiwa wazi, maana bawaba ilivunjika tangu Januari na hakuna wa kunisaidia kuutengeneza. Sijaichoma.

Hakuna mtoto aliyefika kwangu. Padri pia hajapokea yeyote. Aliyefika ni mama wa mmoja wao.

Alikuja Jumanne, peke yake, miguu imevimba. Wale wanaume wa Didia waliishia Kahama wakarudi. Nilikuwa uani nawafundisha wakatekumeni, wale wanaongoja ubatizo. Akapita katikati yao mpaka mbele yangu.

"Wewe ndiye Marselino?"

"Ndiye mimi, mama."

"Usiniite mama. Nipe Limi."

"Limi ni nani?"

"Mwizi wa ng'ombe anauliza rangi ya ng'ombe? Limi ni mwanangu. Ana ushanga mwekundu kiunoni. Askari wa mbung'o amenisomea kitabu chake, jina lako limo. Nipe mtoto, niende zangu."

Mama yako akaleta uji. Yule mwanamke, jina lake Mbuke, akausogeza kando kwa mguu. "Silishwi na wezi," akasema. Amelala usiku wa tano sasa chini ya paa la kanisa, kwa nje, na kila asubuhi anaangalia nyuso za watoto wanaokuja kusoma, mmoja mmoja.

Habari imekwenda vijiji vyote. Unajua maneno ya zamani kuhusu sisi Wakristo, kwamba tunachukua watoto tukauze damu yao. Yalikuwa yamelala; sasa yameamka. Watoto kumi na wawili wamekatazwa na wazazi wao kuja mafundisho. Juzi niliitwa kwenye baraza la wazee. Mzee Maduhu, mkubwa wao, aliniuliza mbele ya watu wote: nani aliandika jina lako katika cheti kile? Nikamjibu kwamba namjua, na kwamba mwenyewe atakuja kusema kwa kinywa chake.

Basi usinifanye mwongo. Uliwahi kuniambia mnaandika kwa karatasi ya kaboni. Bila shaka nakala ipo. Ichukue, uende nayo kwa Bwana Shauri hapo bomani, ueleze kila kitu. Au niletee mimi. Lakini fanya haraka. Mtoto si barua, hakai mahali akingoja.

Baba yako,
Marselino


Shinyanga,
Alhamisi Kuu, 25 Machi 1937

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Juma Kuu limewakuta salama, wewe na mama, na kwamba mguu haukusumbui kwa kupiga magoti mengi. Mwambie mama nimemkumbuka, na kitambaa nilichomwahidi nitampelekea.

Jilala alikuja ofisini Jumatatu. Bwana alikuwa ndani, mlango uko nusu wazi, naye akakalia meza yangu kama kigoda cha nyumbani kwake.

"Karani wa Mungu! Umekonda. Unafunga Kwaresima au umepata mke?"

Nikamwuliza kwa sauti ndogo watoto wako wapi.

"Watoto gani?" Akacheka. "Aa, wanafunzi wako! Wako Geita, wanasoma kuponda mawe. Wanakula ugali kunishinda mimi. Wengine wembamba, wanaingia shimoni pasipoingia mtu mzima. Wanapendwa sana."

Nikamwambia nitakwenda bomani. Hakukasirika, Baba. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alinishika bega kama ndugu.

"Nenda. Mimi hata herufi moja siijui. Wakiniuliza nitasema, Bwana, mimi mjinga, nilifuata karatasi. Nani aliyeandika? Nani aliyepiga mhuri? Baba wa nani ametajwa? Halafu tutaona nani anafungwa, mimi au nyinyi wawili."

Amesema kweli. Nimefikiri juma zima, sioni mlango wa kutokea. Nakala ipo katika kitabu, ukurasa wa arobaini na tatu, mwandiko wangu bora kabisa. Nimeufungua mara nyingi mno. Nikiipeleka nakala ile, mimi ni mfungwa, na wewe utaitwa kueleza jina lako. Nikinyamaza, labda watoto wataachiliwa masika yakiisha, kazi ikipungua.

Nimewaza jambo jingine, nalo naona haya kuliandika. Je, huwezi kuwaambia wazee kwamba watoto walifika kwako, wakakaa siku mbili, kisha wakatoroka? Nani atapinga? Fedheha itapita kama mvua. Wewe ni mtu wa heshima, watakuamini.

Leo watu wote wamekwenda kuungama. Nilisimama kwenye mstari wa watu mpaka nikabaki wa tatu, kisha nikaondoka. Usinilaani.

Wako Geita, upande wa machweo wa kilima, kwenye kambi ya mzungu mmoja mwenye leseni ndogo. Hilo Jilala alilitaja mwenyewe. Angalau hilo nimekwambia.

Mwanao,
Mihayo


Ushirombo,
6 Aprili 1937

Mihayo,

Kristo amefufuka. Sisi tu wazima. Mama yako amejua. Nimemsomea barua zote mbili. Hakulia. Aliuliza tu kama ulikuwa unakula vizuri ulipokuwa unaandika ile ya pili.

Unataka niseme watoto walitoroka. Kaa chini nikueleze kwa nini haiwezekani.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza mara nyingi kwa nini sisi hatuna babu, kwa nini wenzako wana mahali pa kwenda kutambulishwa na ukoo na wewe huna. Nilikujibu kwamba ukoo wetu ni misheni. Nilijibu hivyo kwa sababu sikutaka mwanangu ajue kwamba mimi nilichukuliwa.

Nilikuwa na miaka sita, labda saba. Sijui ilikuwa nchi gani. Nakumbuka ng'ombe mwenye pembe moja iliyopinda, na mama akisaga mtama akiniimbia kwa pumzi tu, bila maneno. Watu watatu walinikuta kwenye shamba la karanga. Tulitembea siku nyingi, watoto na wanawake, tukafika kwenye lango la mtemi mmoja. Pale palikuwa na mtu wa kupokea ushuru wa misafara. Alinitazama, akanisemesha kwa lugha yetu. Lugha yetu, Mihayo! Nilidhani nimefika nyumbani. Akaniuliza mama yako anaitwa nani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu anayemfahamu. Akanipa kiazi cha kuchoma, kisha akainua gogo la lango, tukapita.

Baadaye Mapadri wa Ushirombo walitukomboa, sisi tisa, wakatulea, wakanipa jina hili unalolitumia. Namshukuru Mungu kwa hilo. Na wale watatu wa shamba la karanga nimewasamehe zamani. Walikuwa wezi, na wizi ndiyo kazi yao. Yule wa kiazi sijaweza. Miaka thelathini nafundisha watu kusamehe, na sijaweza. Alijua. Na jina la mama yangu nililitaja mara ya mwisho mbele yake. Nilipokua nikalitafuta, halikuwapo tena.

Sasa nieleze mimi nitasemaje kwamba watoto walitoroka.

Juzi Jumapili baada ya sala niliwaambia Wakristo kwamba watoto wako Geita. Wakashauriana. Mmoja akasema tufanye sala ya siku tisa. Mwingine akasema tumwachie Padri aandike barua Mwanza. Mzee Maduhu alikuwa amesimama nje na Mbuke, yeye si mbatizwa, akachungulia dirishani. "Mwalimu," akasema, "Mungu wenu mmempa midomo tu? Miguu mmemnyima?"

Watu wakakasirika. Mimi nikaona haya. Unajua huku kwetu mwano, ule ukelele wa hatari, ukipigwa, kila mwenye nguvu hutoka na fimbo yake, na anayebaki ndani si mtu tena. Ni mimi niliyewafundisha Wakristo wasitoke mwano ukipigwa wakati wa sala, wamalize kwanza. Nilidhani namtetea Mungu. Basi nikatoka mlangoni mwa kanisa nikapiga mwano mwenyewe. Sijawahi kuupiga tangu nizaliwe. Sauti ilinitoka kama ya beberu anayebanwa. Wakatekumeni wakacheka. Halafu hawakucheka. Walitoka Wakristo, wakatoka wasiobatizwa, hata Maulidi mwenye duka akafunga duka lake akaja na kanzu yake na mkuki wa kuazima. Nikamwambia, "Maulidi, hili ni la kanisa." Akanijibu, "Mwano hauna dini, Mwalimu. Tembea."

Tunaondoka kesho, watu ishirini na sita, Mbuke akiwa mmoja wao. Amekubali kula, lakini kwa mama yako tu. Tutakuwa kambini kabla ya tarehe 15. Hatuendi kupigana. Tunakwenda kudai, na mdai bila ushahidi ni mpiga kelele tu. Ushahidi ni ule ukurasa wa arobaini na tatu. Ukiwa na nauli panda gari la moshi mpaka Mwanza, uvuke ziwa, utatukuta. Kama huna, nenda bomani kwa miguu yako; ni hatua mia tatu kutoka ofisini kwako, nilizipima nilipokuja kukutembelea.

Nitakungoja.

Baba yako


Geita,
27 Aprili 1937

Mihayo,

Anayeleta barua hii ni dereva, atangoja jibu lako.

Ni siku ya kumi na mbili tumekaa nje ya kambi. Watu kumi wamerudi, mashamba yanawaita. Kila asubuhi nakwenda kwa nyapara mkuu.

"Mzee," ananiambia, "hawa ni watoto wa vibarua wetu. Una karatasi?"

"Karatasi inakuja."

"Basi ikija, njoo nayo." Na wenzake wanacheka. Sasa wananiita Mzee Karatasi-Inakuja. Watoto wa kambi wametunga wimbo.

Jana Mbuke alimwona Limi. Alikuwa anapita na kikapu cha mawe kichwani, amenyolewa, amekuwa mweupe kwa vumbi. Mbuke akaita. Mtoto akageuka, akaangusha kikapu, akakimbilia uzio. Walimshika kabla hajafika. Mbuke anasema aliuona ushanga wake.

Yu hai. Hakuna haja ya kukuandikia zaidi.

Baba yako


Shinyanga,
9 Mei 1937

Baba,

Shikamoo. Dereva wako alikuja tarehe 2. Nilimwambia arudi kesho yake. Alipokuja kesho yake nilijificha chooni mpaka akaondoka. Nimekaa siku saba na barua yako chini ya mkeka.

Leo nimeuchomoa ukurasa kitabuni. Kesho asubuhi naenda bomani.

Mwombe Mungu nisipite mlango huo nikaendelea mbele.

Mwanao,
Mihayo


Ushirombo,
30 Mei 1937

Mwanangu Mihayo,

Nimepata habari kwamba wamekuweka ndani. Mama yako anatuma blanketi na karanga kwa gari la Maulidi. Karanga ni zako, usiwagawie wote.

Askari walifika kambini tarehe 16 na Bwana mdogo wa boma na karatasi yako. Nyapara aliyekuwa akinicheka alifungua uzio kwa mkono wake mwenyewe. Watoto sita walitoka. Mmoja hakutujua kwanza, alidhani tumekuja kumnunua.

Limi hakutoka. Shimo lilimwangukia tarehe 14, yeye na mtu mzima mmoja aliyemfuata kumtoa. Walikuwa wamewazika tayari, juujuu.

Sitakuhesabia siku. Kuhesabu nilikufundisha mwenyewe.

Tulimfukua, tukamwosha. Maulidi alitoa sanda. Vijana wa kanisa walichimba kaburi refu, la heshima, kwenye ardhi nzuri penye kivuli. Mimi nilikuwa nimechonga msalaba kwa mti wa mninga, nikauleta. Mbuke akaniona.

"Huo rudisha," akasema.

Nikamwambia, "Mama, ni alama ya…"

"Najua ni alama ya nini. Wenzake wamenisimulia. Walifundishwa huo mafichoni kwa fimbo, siku nne, bega hili, bega lile, mpaka wakajua. Huo ndio uliomfungulia njia mwanangu. Rudisha."

Wakristo walinitazama niseme neno. Neno la mwalimu. Nikauchukua msalaba wangu nikautoa pale, nikauegemeza kwenye mti mbali, nikarudi nikashika jembe. Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, tumzike bila alama?" Nikamjibu kwamba tumekuja kumtumikia huyu mama, si kumshinda.

Alikaa nasi siku tatu baadaye, kisha akaondoka na watoto sita kuwarudisha Didia. Wanaume wanne wa kanisa wamewasindikiza, na watakaa huko mpaka wamemlimia shamba lake, maana msimu umempita akitafuta. Yeye hakuomba. Hakushukuru pia. Ni sawa.

Jumapili iliyopita tulipokuwa tunasali Baba Yetu nilinyamaza mstari mmoja, watu wakaendelea bila mimi. Hakuna aliyegeuka ila mama yako. Nakwambia hili ili usifikiri nimekuandikia barua hii kwa moyo mwepesi. Wewe ni mwanangu. Blanketi nimelikunja kwa mikono yangu. Zaidi ya hapo bado nangoja Mungu anipe.

Mbuke aliniachia swali kabla ya kuondoka. Aliuliza: "Yule karani, aliongea na mwanangu?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwulize." Nakuuliza.

Baba yako,
Marselino


Gereza la Shinyanga,
21 Juni 1937

Baba yangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Blanketi limefika. Karanga niligawa, unisamehe, humu mtu hawezi kula peke yake. Mwambie mama afya yangu ni nzuri kuliko nilipokuwa ofisini, nalala. Anayeniandikia anwani ya bahasha ni askari, lakini barua ni mkono wangu, ameniruhusu.

Nimehukumiwa miezi sita, inahesabiwa tangu Mei. Jilala walimkamata karibu na Kahama, amepata miaka mitano. Mahakamani alisema kama alivyoahidi, kwamba yeye hajui kusoma, na watu walicheka. Mwenye kambi yule amekwenda Nairobi, wanasema atarudi. Mimi niliulizwa mambo mengi nikajibu yote. Hakuna aliyeniuliza hilo la Mbuke.

Ndiyo. Tuliongea.

Nilikuandikia kwamba wote saba walifanya ishara ya msalaba, na ni kweli. Sikukuandikia yaliyofuata. Limi alikuwa wa mwisho mstarini. Jilala alipowatoa wenzake barazani, yeye alibaki, ameshika ukingo wa meza yangu kwa vidole. Kichwa chake kilifika usawa wa kidau cha wino. Akaniambia kwa Kisukuma kwamba mama yake hajui aliko. Alitumwa maji tu, akasema, na mtungi umebaki bwawani, mama atamgombeza kwa sababu ya mtungi. Akaniuliza kama mimi ninaweza kumrudisha.

Baba, nimekaa Shinyanga miaka minne. Kisukuma nakisema sokoni, nakisema na tarishi, nakiota. Nilielewa kila neno. Cheti kilikuwa mbele yangu, wino haujakauka, kalamu ningali nimeishika. Ningeweza kukikata mstari mmoja. Lakini nilikwisha kukiandika vizuri, na Jilala alikuwa akiita nje, na nilifikiri nitaonekana karani asiyejua kazi, anayeandika na kufuta. Nikamjibu kwa Kiswahili, ambacho yeye hakijui. Nikamwambia, "Sielewi. Nenda."

Akasubiri kidogo. Kisha akaenda.

Ulipoandika habari za mtu wa lango niliisoma barua ile mara moja tu, nikaikunja. Ndiyo maana sikuja Geita. Sikuogopa jela peke yake. Nilijua nikija nitakukuta umesimama hapo, na mimi ninaye mtoto huyu kinywani.

Sikuombi unisamehe. Nangoja pamoja nawe. Ila usimwambie Mbuke haya wewe, wala usimtume Padri. Hayo ni yangu kuyasema. Mwambie tu kwamba jibu ni ndiyo, na kama anataka kusikia mtoto wake alisema nini, mimi ninalo, neno kwa neno, wala halijapotea hata moja.

Anipate hivi. Akitoka Didia alfajiri ashike njia kubwa ya magari, atafika mjini jua likianza kupungua. Asije gerezani, mchana hatumo. Avuke reli, aache stesheni mkono wa kulia, afuate njia ya ng'ombe mpaka mahali pori lilipofyekwa. Hapo tunakata miti ya kufukuzia mbung'o, tangu asubuhi hadi saa kumi na moja. Asije Jumapili, tunafungiwa. Msimamizi wetu ni askari mrefu aitwaye Zamoyoni, si mtu mbaya, nimemweleza kwamba huenda mama mmoja akaja. Asimtaje mfungwa kwa jina, atachanganyikiwa, kuna Mihayo wawili. Aseme anamtaka karani aliyewaandika watoto. Nitatoka.

Akifika baada ya tarehe 20 Novemba asinitafute huko. Nitakuwa nimekuja Didia mwenyewe, nitakaa nje ya boma lake, upande wa njia, mpaka aniite au anifukuze.

Na mwambie aseme nami kwa Kisukuma.

Mwanao,
Mihayo